Kununua runinga ya HD kwa fedha ya kawaida: mwongozo kwa watu wa Mtwara na Lindi

Minada ya korosho ikishaanza Oktoba na malipo yakaanza kuingia, maswali huwa ni yale yale kuanzia Tandahimba mpaka Nachingwea. Nichukue inchi ngapi? Smati au ya kawaida? Hii ya laki tatu na ile ya laki tano zinatofautiana nini? Na lipo moja linaloniuma zaidi, kwa sababu huja fedha ikishatoka mfukoni: mbona nimenunua HD lakini picha ni ileile ya TV ya chogo?

Nimeandika haya kwa anayenunua runinga bapa kwa mara ya kwanza, na ana fedha ya kununulia runinga moja tu, basi. Msimamo wangu nautoa mapema. Fedha iende kwanza kwenye kioo kizuri kinacholingana na chumba chako, kisha kwenye kinga ya umeme, kisha kwenye waya sahihi. Smati, yaani runinga inayoingia intaneti, ije baada ya hapo, kama chenji ipo.

Uwe na vitu hivi kabla ya kwenda dukani

- Vipimo vya chumba: kutoka ukutani itakapokaa runinga mpaka kwenye kochi au mkeka mnapokalia.
- Tepu ya fundi cherehani. Azima hata kwa jirani. Utaona kazi yake hatua ya tano.
- Flashi yenye video moja unayoijua vizuri, na picha tano za rangi tupu: nyeupe, nyeusi, nyekundu, kijani na bluu. Mtoto yeyote mwenye simu anaweza kukutengenezea.
- Jina la king'amuzi ulichonacho, na picha ya mgongo wake uliyopiga kwa simu ili ujue kina matundu gani ya waya.
- Simu yenye bando kidogo la kutafutia namba ya modeli ukiwa pale pale dukani.

Hatua ya 1: Pima chumba, ndipo uchague inchi

Inchi za runinga hupimwa kona kwa kona, kwa mshazari. Inchi 32 ni sentimita 81 hivi kwa mshazari, na upana wake ni kama sentimita 71. Inchi 43 ina mshazari wa sentimita 109 na upana wa kama 95. Weka alama ukutani kwa chaki ujionee ukubwa wenyewe.

Sasa umbali. Kioo ni nukta ndogo ndogo zilizopangwa, na ukikaa karibu mno macho yanaanza kuziona nukta zenyewe, picha inaonekana ya chengachenga. Runinga ya inchi 32 yenye HD ya kawaida (maneno HD na Full HD nayaeleza hatua ya pili) inakuwa safi ukikaa kuanzia mita moja na nusu hadi mbili. Inchi 43 yenye Full HD vilevile. Lakini inchi 43 yenye HD ya kawaida itakutaka urudi nyuma karibu mita mbili na nusu, na vyumba vingi vya kupanga vya Magomeni au Chikongola, Mtwara mjini, havina nafasi hiyo mkishaweka kabati na kochi.

Kwa sababu hiyo nashauri hivi bila kusita: chumba kimoja au sebule ndogo, inchi 32 inatosha kabisa. Sebule ya nyumba ya familia, inchi 40 au 43, lakini hapo dai Full HD. Ukiona runinga ya inchi 43 ambayo ni HD ya kawaida na bei yake inavutia, iache hapo hapo. Ukubwa utaupata, usafi wa picha hutaupata.

Hatua ya 2: Yajue maneno ya kwenye boksi

*HD* au *HD Ready*: kioo chenye nukta 1366 kwa 768, au 1280 kwa 720. Inchi 32 nyingi za bei ya chini ni hizi, na kwa ukubwa huo ni sawa tu.

*Full HD*: nukta 1920 kwa 1080. Ni karibu mara mbili ya idadi ya nukta za HD ya kawaida.

*4K* au *UHD*: nukta 3840 kwa 2160. Ni nzuri, lakini ili ufaidi unahitaji kioo kikubwa na kitu cha 4K cha kutazama. Kwa mpira wa Ligi Kuu kupitia king'amuzi cha kawaida, kwenye inchi 43, umekaa mita mbili na nusu, sioni sababu ya kuongeza fedha kwa ajili ya 4K peke yake. Ukizikuta zote mbili kwa bei moja, chukua ya 4K.

Mtego uko hapa. Boksi linaweza kuandikwa "1080p", yaani Full HD, kwa herufi kubwa, na ndani kioo kikawa cha 1366 kwa 768. Maana ya maandishi yale ni kwamba runinga inapokea picha ya 1080p. Inaipokea, kisha inaipunguza itoshee kwenye nukta chache ilizonazo. Muuzaji naye anaweza kukubonyezea kitufe cha info, kioo kikaandika 1920x1080, akakwambia, "Si unaona, bosi?" Ile ni picha inayoingia kutoka kwenye king'amuzi, haisemi chochote kuhusu kioo. Geuza runinga, soma kibandiko cha nyuma, chukua namba ya modeli, itafute kwenye simu. Ukikuta imeandikwa 1366 x 768, mjadala umekwisha.

Hatua ya 3: Gawa fedha kabla hujaingia dukani

Tuseme una laki nne. Usiende na laki nne ya runinga. Tenga kama elfu 60 hadi 80 ya vitu hivi: gadi ya umeme, waya wa HDMI (waya mmoja unaobeba picha ya HD na sauti) kama king'amuzi hakikuja nao, chuma cha ukutani au stendi imara, na usafiri. Kinachobaki ndiyo bei yako ya runinga.

Kuhusu gadi sina mzaha. Huku kusini umeme ukikatika na kurudi, mara nyingi hurudi kwa kishindo, na kinachoungua ni bodi ya runinga. Gadi hukata umeme ukizidi au ukishuka mno, na ukirudi husubiri kidogo mpaka utulie ndipo iuachie. Kama nyumba yako iko mwisho wa laini na taa hufifia jioni, gadi itakuwa inakata kila saa. Wewe unahitaji stabilaiza, inayoupandisha umeme mdogo. Ekstensheni yenye taa nyekundu haifanyi kazi ya gadi wala ya stabilaiza, hata iwe imeandikwa nini.

Tazama pia kibandiko cha nyuma sehemu ya volti. Runinga iliyoandikwa 100–240V huvumilia umeme hafifu kuliko iliyoandikwa 220–240V. Kwa bei zinazokaribiana, chukua ya kwanza.

Hatua ya 4: Smati, ya kawaida, au ya sola?

Smati ina maana ukiwa na intaneti ya kudumu nyumbani. Kama intaneti yako ni bando la simu unalowasha hotspoti, jua kwamba saa moja ya video ya HD hula gigabaiti moja au zaidi, na ya Full HD hula zaidi ya hapo. Piga hesabu ya mwezi mzima. Tena smati za bei ya chini kabisa huwa na kumbukumbu ndogo. Baada ya mwaka mmoja au miwili programu zinakuwa nzito na unabaki kuitumia kama runinga ya kawaida. Kwa fedha ileile, runinga ya kawaida yenye kioo bora inakufaa zaidi. Intaneti ikija baadaye, utanunua kifaa kidogo cha kuchomeka kwenye HDMI na itageuka smati.

Kama uko kijijini na unatumia sola, ulizia runinga inayokubali volti 12 moja kwa moja kutoka kwenye betri. Inverta, kifaa cha kugeuza umeme wa betri uwe kama wa nyumbani, yenyewe inakula umeme kabla hujawasha chochote. Wenye umeme wa LUKU wasiogope: inchi 32 ya LED hula wati 40 hivi. Ukiwasha saa tano kila siku, ni uniti 6 kwa mwezi.

Jambo jingine linalochanganya watu: runinga iliyoandikwa DVB-T2 au S2 ina king'amuzi ndani yake, na inaweza kukamata chaneli za bure kwa antena au dishi. Haikufungulii vifurushi vya Azam au DStv. King'amuzi chako cha kulipia bado unakihitaji, na anayekwambia vinginevyo anataka kuuza.

Hatua ya 5: Dukani. Pima, washa, kaa

Hapa usiharakishwe, hata kama foleni ni ndefu. Kwa maoni yangu, wiki ambazo malipo ya korosho yanamiminika ndizo mbaya kuliko zote kununua runinga: maduka yamejaa, muuzaji hana muda wa kukufungulia boksi, na bei haishuki. Ukiweza, subiri wimbi lipite.

*Kwanza, tepu.* Omba runinga isimamishwe, weka ncha ya tepu kwenye kona ya chini kushoto ya kioo chenyewe, pale picha inapoanzia, uipeleke mpaka kona ya juu kulia. Usihesabu fremu. Inchi 32 lazima ikupe sentimita 80 hadi 81. Ukipata 70, hiyo ni inchi 27 na nusu, hata kama boksi linasema 32. Mazungumzo huwa hivi:

"Dada yangu, hizo nyingine ni za fremu, kampuni zote zinapima hivyo."

"Hapana, kaka. Inchi ni za kioo. Nipe bei ya kioo nilichokipima au nionyeshe nyingine."

Sema kwa upole na usimame hapo. Ama bei itashuka, ama ataingia stoo kuleta nyingine.

*Pili, jina.* Soma jina la kampuni herufi kwa herufi, kwenye runinga, kwenye boksi na kwenye picha inayotokea ikiwaka. Bidhaa bandia hubadilisha herufi moja tu ya jina kubwa. Majina matatu yasipofanana, ondoka. Jina ambalo hujawahi kulisikia si kosa lenyewe, ilimradi kioo kinapita majaribio na fundi wa mjini kwenu anasema vipuri vyake anavipata. Muulize fundi kabla ya kununua. Mafundi ndio wanaojua ni zipi zinarudi rudi mezani kwao.

*Tatu, rangi tupu.* Chomeka flashi yako. Picha nyeupe itakuonyesha madoa na vivuli. Picha nyeusi itakuonyesha mwanga unaovuja pembeni. Kidogo ni kawaida, mawingu meupe makubwa si kawaida. Nyekundu, kijani na bluu zitakuonyesha nukta zilizokufa, yaani vidoa vidogo ambavyo havibadiliki rangi. Sogea mpaka karibu na kioo.

*Nne, kaa pembeni.* Chezesha video yako, kisha nenda kasimame upande wa kushoto, halafu kulia, halafu chuchumaa chini. Vioo vingine rangi hugeuka ukitoka katikati. Kama kwenu watu hukaa mkekani na kwenye viti kwa pamoja, jaribio hili lina uzito kuliko yote.

*Tano, matundu.* HDMI zisipungue mbili. USB moja. Zichomeke zote uone zinafanya kazi.

*Sita, risiti ya EFD na waranti.* Risiti iandikwe modeli na namba ya utambulisho ya runinga (serial number), na waranti iwe na mhuri na muda. Uliza swali hili waziwazi: ikiharibika, naileta hapa Mtwara au naipeleka Dar? Jibu liandikwe nyuma ya kadi.

Ukinunua iliyotumika, ongeza jaribio moja: iache iwake nusu saa kwenye picha nyeupe. Weupe ukielekea bluu au zambarau, taa za nyuma, zile zinazomulika kioo kutoka ndani, zimechoka. Zinabadilishika, lakini gharama hiyo itoke kwenye bei yake.

Hatua ya 6: Kariakoo au hapa hapa?

Kariakoo bei huwa chini, sikatai. Lakini toa nauli ya mzigo, toa hatari ya barabara ndefu ya kusini, na ukumbuke kwamba waranti iko zaidi ya kilomita 550 kutoka Mtwara mjini. Tofauti ikiwa elfu 30 au 40, nunua Mtwara, Lindi au Masasi, mahali unapoweza kurudi kesho. Tofauti ikiwa kubwa kweli, mtume ndugu anayejua kufanya hatua ya tano. Usinunue kwa picha ya simu na kutuma fedha kwa mtu usiyemfahamu.

Hatua ya 7: Kuisafirisha

Runinga isafiri imesimama kama itakavyokaa nyumbani, ndani ya boksi lake na maboya yake meupe ya kuikinga. Ikilazwa, kioo hupinda kila basi linaporuka tuta, na mtu akiweka gunia juu yake hadithi imekwisha. Zungumza na kondakta mwenyewe, andika juu ya boksi kwa kalamu nene, lipia kiti kama ikibidi. Bodaboda iwe na mtu wa pili wa kuishika, boksi likiwa katikati yenu. Ikifika, ifungue na kuiwasha mbele ya aliyeileta kabla hujasaini kupokea.

Hatua ya 8: Kuifunga. Hapa ndipo HD inapopotea

Picha safi ni safari ya vituo vinne: chaneli, king'amuzi, waya, kioo. Kimoja kikiwa hafifu, picha nzima inakuwa hafifu.

1. Ng'oa waya wa rangi tatu, wa njano, mwekundu na mweupe. Waya huo haupitishi HD hata kidogo, hata ukiuchomeka kwenye runinga ya milioni mbili. Ndio sababu kubwa kuliko zote ya watu kulalamika.
2. Chomeka HDMI kutoka king'amuzi hadi runinga. Waya wa bei ya kawaida wa mita moja na nusu unatosha.
3. King'amuzi kisicho na tundu la HDMI ni cha zamani; hakitakupa HD. Weka kukibadilisha kwenye bajeti.
4. Ingia mipangilio ya king'amuzi, sehemu ya picha, weka 1080i au 720p, na umbo la 16:9.
5. Kwenye runinga, toa picha kutoka hali ya duka, ile yenye mwanga mkali kupita kiasi, weka hali ya kawaida. Macho yatapumzika na taa za nyuma zitadumu.
6. Ukuta wa matofali ya saruji hubeba chuma cha ukutani. Ukuta wa udongo usiuamini. Tumia meza nzito na ufunge runinga kwa kamba nyuma, watoto wasiivute.

Kwa wanaokaa karibu na bahari, Shangani, Mikindani, Lindi mjini, Kilwa Masoko: upepo wa chumvi hula bodi kimyakimya. Usiiweke mkabala na dirisha linalopokea upepo wa baharini. Iwashe kila siku hata kwa saa moja, joto lake hukausha unyevu. Usiifunike kitambaa ikiwa bado ya moto. Na matundu ya nyuma yaangalie kila mwezi. Sisimizi na mijusi hupenda joto la mle ndani, na mjusi mmoja akigusa mahali pabaya anaunguza bodi.

Kioo kifute kwa kitambaa laini chenye unyevu kidogo, runinga ikiwa imezimwa. Sabuni ya vioo na spiriti hapana.

Ikileta shida

*Inaandika "No Signal".* Bonyeza kitufe cha source, chagua HDMI 1 au 2 kulingana na tundu ulilochomeka.

*Chaneli moja safi, nyingine ina ukungu.* Hiyo ya pili haikurushwa kwa HD. Runinga haina kosa.

*Nyuso zimevutika, watu wamenenepa.* Umbo la picha limekosewa. Rudisha 16:9 kwenye king'amuzi na kwenye runinga.

*Matokeo ya mpira kwenye kona yanakatwa.* Runinga inakuza picha kupita fremu. Tafuta kwenye ukubwa wa picha chaguo linaloonyesha picha nzima bila kukata kingo.

*Picha inakatakata mvua ikinyesha.* Mawingu mazito yanazuia mawimbi ya dishi. Ikiendelea hata jua likiwaka, dishi limesogea, muite fundi.

*Video ya flashi ina sauti bila picha.* Aina ya video haitambuliki na runinga. Omba video iliyo kwenye mfumo wa H.264. Flashi yenyewe isipoonekana kabisa, ifomati upya kwa mfumo wa FAT32, ila kumbuka kunakili vitu vyako kwanza kwa sababu kufomati hufuta vyote, na faili moja lisizidi gigabaiti 4.

*Inajizima yenyewe.* Angalia kwanza kama kuna muda wa kulala umewekwa. Kama haupo, angalia taa ya gadi wakati inapozima. Ikizima pamoja nayo, tatizo ni umeme.

*Rimoti haifanyi kazi.* Ielekeze kwenye kamera ya simu, ya mbele mara nyingi huonyesha vizuri zaidi, ubonyeze. Ukiona taa inamulika kwenye simu, rimoti ni nzima na kasoro iko kwenye runinga.

*Sauti ipo, kioo cheusi.* Zima taa za chumba, mulika tochi karibu kabisa na kioo. Ukiona picha hafifu inacheza, kioo ni kizima na taa za nyuma ndizo zimekufa, kazi ambayo fundi mzuri huimaliza kwa gharama ya kuvumilika. Usikubali kuambiwa kioo kimekufa kabla ya jaribio hili kufanywa mbele yako.

*Kioo kimepasuka au kina mistari ya wima isiyotoka.* Uliza bei ya kioo kabla fundi hajafungua chochote. Mara nyingi inakaribia bei ya runinga mpya. Ikiwa hivyo, muuzie fundi bodi na spika zake, fedha hiyo uanzie nyingine.